"Njema, ila": Swali la Mwandishi na Jibu la Kiongozi katika Mikutano na Waandishi wa Habari, kwa Kuangalia Tabora

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mivutano inayozuka baina ya viongozi wa kisiasa na waandishi wa habari wanapokutana ana kwa ana nchini Tanzania. Mivutano hiyo imezoeleka kuelezwa kwa kutumia sheria, siasa au hulka za watu. Makala yanadai kwamba sehemu yake kubwa imo ndani ya lugha yenyewe: mkutano na waandishi hutumia msamiati wa njiani, yaani habari, kiongozi na msafara, lakini huendeshwa kwa sarufi ya hadhara, ambamo swali huombwa na jibu hutolewa kama fadhila. Vipengele vinavyochunguzwa ni utangulizi wa ombi, kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda, swali la kurudishiwa na utani. Mifano ya kihistoria imetolewa Tabora na kwingineko nchini. Makala yanahitimisha kwamba swali la nyongeza ndilo linaloamua iwapo mkutano umekuwa mazungumzo au hotuba, na kwamba ufundishaji wa Kiswahili kwa wanahabari unapaswa kulipa nafasi.

1.0 Utangulizi

Mswahili anayeulizwa habari za safari hujibu kwanza "njema". Hujibu hivyo hata kama ameibiwa njiani au amefiwa. Jibu hilo halihesabiwi kuwa uongo, kwa sababu wote wawili wanajua kwamba ni hatua ya kwanza tu ya mazungumzo. Baada ya "njema" huja "ila": njema, ila mvua imetukamata, njema, ila mzee tumemwacha hoi. Habari yenyewe imo katika "ila". Muulizaji asiyesubiri "ila" ameamkia tu, hajauliza.

Mkutano wa kiongozi na waandishi wa habari unaweza kuelezwa kwa muundo huohuo. Kiongozi huanza na "njema": miradi inaendelea, hali ni shwari, fedha zimetengwa. Mwandishi yupo pale kwa ajili ya "ila". Mvutano huanza pale ambapo mmoja anaona mazungumzo yamekwisha baada ya "njema", na mwingine anaona ndiyo kwanza yameanza.

Makala haya yana lengo la kufafanua namna mvutano huo unavyojengwa kwa vipashio vya Kiswahili: viambishi, vitenzi, vyeo vya kuitana na mpangilio wa zamu za kusema. Tabora imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mji huo ulikuwa makutano ya njia za misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Ujiji na maeneo ya Ziwa Victoria, na baadhi ya maneno tunayoyatumia leo kuzungumzia uongozi na habari yalipata uzito wake katika njia hizo. Pili, mikutano ya mikoani haijachunguzwa kwa kiasi kinachofanana na ile ya Dar es Salaam na Dodoma, ingawa huko ndiko mwandishi hukutana na kiongozi mara kwa mara, kwa karibu, na akiwa na kinga ndogo.

Data za makala ni za aina mbili. Matukio yanayotajwa kwa majina na tarehe ni yale yanayofahamika hadharani. Mifano yenye namba imetungwa na mwandishi kwa kufuata miundo iliyozoeleka katika mikutano hiyo. Haimwakilishi kiongozi wala mwandishi yeyote mahususi.

2.0 Kiunzi cha Nadharia

Uchambuzi unaongozwa na mikabala miwili. Wa kwanza ni uchanganuzi wa mazungumzo, ulioasisiwa na Sacks, Schegloff na Jefferson (1974), unaoyaona mazungumzo kuwa ni mgawanyo wa zamu. Kwa mkabala huu, swali na jibu ni jozi: likitamkwa la kwanza, la pili hutarajiwa, na lisipotokea, kutokuwepo kwake huonekana. Wa pili ni nadharia ya uso ya Goffman, iliyoendelezwa na Brown na Levinson (1987), inayoeleza jinsi wasemaji wanavyoepuka kuumbuana.

Clayman na Heritage (2002) waliiunganisha mikabala hiyo walipolinganisha maswali yaliyoulizwa marais Eisenhower na Reagan wa Marekani. Walipima, miongoni mwa mambo mengine, jinsi swali lilivyokuwa wazi au la kuzungukazunguka, na wakaonesha kwamba maswali ya zama za Reagan yalikuwa makali zaidi. Kipimo chao hakiwezi kuhamishwa kizimakizima. Kwa Kiingereza, kuomba ruhusa ya kuuliza ni alama ya unyenyekevu uliozidi wa kawaida. Kwa Kiswahili, "naomba kuuliza" ni kiwango cha chini kabisa cha adabu, na asiyekitumia huonekana amefyatuka. Yahya-Othman (1994), akichunguza adabu za Waswahili, ametukumbusha kwamba heshima katika jamii hii hutawaliwa na matarajio ya jamii zaidi kuliko hesabu za mtu binafsi. Kwa hiyo ukali wa swali la Kiswahili hautafutwi katika adabu yake ya mwanzo. Utafutwe katika kitenzi chake.

3.0 Msamiati wa Njiani

3.1 Kiongozi na msafara

Maandishi ya karne ya 19 kuhusu safari za Unyamwezi yanamtaja mara nyingi kirangozi, neno lenye uhusiano wa karibu na kiongozi. Huyu alikuwa mtu wa mbele katika msafara, mbeba bendera na mjuzi wa njia. Hakuwa mwenye mali. Cheo chake kilitokana na jukumu la kujua, na kwa hiyo kuulizwa kulikuwa sehemu ya kazi yake: maji yako wapi, kambi iko mbali kiasi gani, kijiji cha mbele kina amani au vita. Jibu lake lilipimwa kwa miguu. Akisema maji yako karibu, jioni kila mpagazi alijua kama alisema kweli.

Neno kiongozi limehama kutoka kwa anayetangulia hadi kwa anayetawala. Inafaa kukumbuka kwamba limewahi pia kuwa jina la gazeti, tena zaidi ya mara moja: gazeti la Kiswahili lililochapishwa Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, na baadaye, katika miaka ya 1950, gazeti la Kanisa Katoliki lililochapishwa Tabora. Kwa waliolichagua jina hilo, gazeti nalo lilikuwa mtangulizi wa njia. Uhasama wa leo baina ya "kiongozi" na "gazeti" haukuwamo katika maana ya maneno hayo.

Neno msafara nalo lingali hai. Msafara wa Mkuu wa Mkoa, wa Waziri au wa Rais ni magari yanayofuatana, na moja kati ya hayo mara nyingi hubeba waandishi. Mwandishi wa mkoani ambaye hana ajira ya kudumu, anayelipwa kwa habari iliyotumika, na ambaye hana chombo cha kumfikisha Sikonge au Kaliua, hulitegemea gari hilo. Anayesafiri ndani ya msafara hula na msafara, na wakati mwingine hupokea bahasha ya nauli kutoka kwa wenye msafara. Jioni hutakiwa kumwuliza kiongozi aliyemsafirisha swali ambalo litamfanya kesho asipewe kiti. Hali hii ya kiuchumi haiwezi kutenganishwa na sarufi ya maswali yatakayochambuliwa hapa chini.

3.2 Stanley na Mirambo

Historia ya Tabora ina mfano wa mapema wa uhusiano huu. Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe Juni 1871 akiwa mwandishi wa New York Herald, na akakaa Kwihara. Wiki chache baadaye alijiunga na Waarabu wa Tabora katika vita dhidi ya Mirambo wa Urambo. Aliyekuja kuandika akawa mshika bunduki wa upande mmoja, na katika maandishi yake ya wakati huo Mirambo anaonekana kama jambazi wa njiani. Aprili 1876 Stanley alikutana na Mirambo mwenyewe, wakachanjiana udugu wa damu. Tangu hapo Mirambo wa Stanley ni mtu mwingine: mtulivu, mwenye adabu na haiba.

Katika nafasi zote mbili hatupati swali. Mwaka 1871 mwandishi hakuweza kumwuliza Mirambo kwa nini anaifunga njia, kwa kuwa alikuwa adui. Mwaka 1876 hakuwa na sababu ya kumwuliza kwa ukali, kwa kuwa alikuwa ndugu. Uadui na udugu huleta tokeo moja: kiongozi huandikwa bila kuulizwa. Mwandishi wa habari anahitaji nafasi ya tatu, iliyo mbali na vita na mbali na chale. Nafasi hiyo haina jina la kiasili katika mfumo wa undugu na utani wa Unyamwezi. Ni lazima ijengwe kwa lugha kila mara mkutano unapofanyika.

3.3 Kuzungumza na kuhutubia

Vyombo vya habari hupenda kuandika kwamba kiongozi "amezungumza na waandishi wa habari". Kihusishi na hapa kinaahidi ushirika, kwa kuwa -zungumza na hudai pande mbili. Kitenzi -hutubia hakidai hivyo. Anayehutubiwa ni yambwa tu. Mikutano mingi huitwa kwa kitenzi cha kwanza na kuendeshwa kwa kitenzi cha pili.

Tofauti hii haimhusu kiongozi mbaya peke yake. Machi 1995, Mwalimu Julius Nyerere, akiwa amestaafu urais kwa takriban miaka kumi, alikutana na waandishi jijini Dar es Salaam na kueleza nyufa alizoziona katika taifa: kutetereka kwa Muungano, rushwa, ukabila na udini. Kinachokumbukwa hadi leo ni sitiari ya nyufa. Maswali ya waandishi hayakumbukwi. Mkutano ulikuwa wa manufaa makubwa kwa taifa, lakini kimuundo ulikuwa darasa.

Nyerere huyohuyo anatukumbusha kwamba mstari baina ya pande mbili hizi si wa kudumu. Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora ulifikia uamuzi wa kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao umeingia katika historia kama Uamuzi wa Busara. Mwaka huohuo mahakama ilimtia hatiani kwa kashfa kutokana na makala iliyotoka katika Sauti ya TANU kuhusu wakuu wa wilaya wa kikoloni, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Alikuwa mwandishi aliyeshitakiwa na watawala. Miaka 18 baadaye, serikali aliyoiongoza ilipitisha Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyompa waziri uwezo wa kufungia gazeti. Ng'ambo, kata mojawapo ya Manispaa ya Tabora, ina jina linalolifafanua jambo hili vizuri: ng'ambo si mahali, ni upande wa pili kutoka pale msemaji aliposimama. Akivuka, ng'ambo nayo huhama.

4.0 Sarufi ya Swali

4.1 Utangulizi wa ombi

Tuanze na swali la kawaida la mkutano wa mkoani:

(1) Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, kwanza nikushukuru kwa kutupa nafasi hii, na nikupongeze kwa kazi kubwa unayoifanya. Naomba kuuliza: kuna malalamiko ya wakulima wa tumbaku kwamba malipo yao yanacheleweshwa. Serikali inasemaje kuhusu hilo?

Shukrani, pongezi na ombi vinatangulia. Kama ilivyoelezwa, peke yake hii si dalili ya woga; ni adabu ya hadhara. Tatizo lipo katika mambo mawili. La kwanza ni kwamba pongezi ni kauli, na kauli hujibika. Kiongozi anaweza kuijibu pongezi kwa dakika kumi, akaeleza kazi kubwa aliyoifanya, na zamu yake ikaisha kabla hajafika kwenye tumbaku. Mwandishi atakuwa amempa mada mbili, na msemaji yeyote huanza na ile inayompendeza.

La pili ni kitenzi cha swali lenyewe. "Serikali inasemaje?" huuliza kusema, haiulizi kutenda. Kiongozi akisema neno lolote, swali limejibiwa kikamilifu. Linganisha:

(2) Malipo yatafanyika tarehe gani?

Katika (2) kisemwa kisicho na tarehe hakijibu. Kukosekana kwa jibu kutasikika hata kwa msikilizaji wa redio aliye nyumbani kwake, asiyeona sura ya mtu yeyote.

4.2 Mtenda aliyefichwa

Kitenzi yanacheleweshwa katika (1) kinastahili kutazamwa kwa makini. Mzizi ni -chelew-. Kiambishi -esh- cha utendeshi kinaleta msababishaji, yaani yupo anayeyachelewesha malipo. Kiambishi -w- cha kutendwa kinamwondoa msababishaji huyo kwenye nafasi ya kiima na kumwacha bila jina. Kwa viambishi viwili mwandishi ameshutumu na papo hapo ameficha anayeshutumiwa. Miundo mingine ya aina hii ni inadaiwa, inasemekana, imeelezwa, na ile ya nafsi isiyohesabika, wananchi wanataka kujua.

Miundo hiyo humkinga mwandishi, kwa kuwa hasemi kwa niaba yake. Clayman na Heritage wanaiona hali hii katika mahojiano ya Kiingereza pia. Hata hivyo, mlango unaomkinga mwandishi ndio huohuo anaotokea kiongozi. Kiongozi ana njia mbili:

(3) Yanacheleweshwa na nani? Mtaje.

(4) Ni kweli malipo yamechelewa kidogo, lakini suala hilo tunalifanyia kazi.

Njia ya (3) inalidai lile lililofichwa. Sarufi inamruhusu: kauli ya kutendwa siku zote huacha nafasi ya "na nani". Ni haki kukiri kwamba dai hili mara nyingine ni halali. Anayetuhumiwa na "wananchi" wasio na majina hawezi kujitetea, na kiongozi anayetaka kujua chanzo cha madai ana hoja. Lakini katika mkutano wa hadhara, pembeni wakiwepo maofisa wa ushirika, "mtaje" huwa na uzito mwingine. Hulenga kumfanya mwandishi amuuze mtoa taarifa wake au anyamaze.

Njia ya (4) ni tulivu na yenye ufanisi zaidi. Kiongozi ameondoa viambishi vyote viwili. Yanacheleweshwa imekuwa yamechelewa. Msababishaji hakufichwa tena, amefutwa. Malipo yamechelewa kama inavyochelewa mvua, bila mkono wa mtu. Kisha inafuata tunalifanyia kazi, yenye njeo ya wakati uliopo isiyo na ukomo na nafsi ya wingi isiyo na mtu mmoja wa kuwajibika. Hapajatokea ugomvi wowote, sauti haikupandishwa, na kesho gazeti litaandika kwamba serikali imekiri kuchelewa kwa malipo. Ufunuo wa mkutano mzima umepotea katika silabi moja, na hakuna aliyetambua.

Dawa ya kisarufi ipo, nayo ni kuweka kwenye kiima kitu ambacho hakiulizwi "nani":

(5) Mkataba wa chama cha msingi na mnunuzi umetaja siku za mwisho za malipo. Siku hizo zimepita. Nani aliyepaswa kusimamia, na malipo yatafanyika tarehe gani?

Mkataba, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, au bajeti iliyopitishwa na baraza la madiwani ni viima visivyoweza kutishwa. Haviombwi kujitaja. Mwandishi ameondoka katikati ya kiongozi na hoja.

4.3 Swali la kurudishiwa na utani

Kiongozi anaweza pia kulihamisha swali kutoka kwenye jambo kwenda kwa mtu:

(6) Wewe ni wa chombo gani? Nani amekutuma?

Kimuundo ni swali juu ya swali. Jozi ya kwanza inaachwa wazi, na mpya inafunguliwa ambamo mwandishi ndiye anayedaiwa jibu. Akijibu, amekubali kuhojiwa. Asipojibu, ameonekana kuwa na la kuficha. Katika mkoa ambao waandishi ni wachache na wote wanafahamika kwa majina, (6) haitafuti taarifa, kwa kuwa kiongozi anamjua anayemwuliza. Ni onyo lililovaa alama ya kuuliza.

Tabora ina namna nyingine, iliyo laini zaidi:

(7) Huyu ni mtani wangu huyu! Wanyamwezi kwa maswali! Haya, swali jingine.

Utani wa Wanyamwezi na jamii za njiani hadi pwani umehusishwa na safari za misafara. Wapagazi waliopita katika nchi za watu walihitaji njia ya kutaniana ili wasipigane, kusaidiana katika misiba, na kuambiana kweli bila kukosana. Sheria yake kuu ni kwamba mtani hakasiriki. Hapo ndipo nguvu ya (7) ilipo: ukumbi unacheka, mwandishi analazimika kucheka, na swali linapita. Angelirudia, angeonekana hajui utani, na katika Unyamwezi hiyo ni aibu.

Lakini utani una sheria ya pili: hurudishwa. Mtani anayetaniwa ana haki ya kutania kwa kiwango hichohicho, na kihistoria utani ulimruhusu mdogo kumwambia mkubwa jambo ambalo kwingine lisingesemeka. Katika (7) haki hiyo haipo. Kipaza sauti kimekwisha kuhamia kwa mtu mwingine. Utani usiorudishwa umebaki na kicheko tu, umepoteza ukweli uliokuwa sababu ya kuwepo kwake. Mwandishi anayeijua mila anaweza kuidai: "Mtani hujibu, Mheshimiwa." Ameitumia adabu ya Unyamwezi kulifungua swali upya, na kiongozi hawezi kumkasirikia bila kuuvunja utani aliouanzisha mwenyewe.

5.0 Pale Swali Linapozimwa

Mbinu zilizotajwa hufanya kazi pale mkutano unapokuwepo. Machi 2017 ilionesha kinachotokea usipokuwepo. Usiku wa tarehe 17 mwezi huo, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliingia katika ofisi za Clouds Media akiwa na askari wenye silaha. Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliunda kamati ya kuchunguza na kupokea taarifa yake. Machi 23 aliondolewa katika uwaziri. Siku hiyohiyo alikusudia kuzungumza na waandishi katika hoteli moja jijini. Mkutano ukazuiwa, mtu asiyevaa sare akamwelekezea bastola, naye akaishia kuzungumza akiwa amesimama katika gari lake. Siku iliyofuata, Ikulu, Rais John Magufuli aliwaonya wamiliki wa vyombo vya habari kwamba uhuru wanaodhani wanao haufiki kiwango hicho. Onyo hilo alilitamka kwa Kiingereza.

Kwa mwanaisimu, mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, kubadili msimbo. Katika hotuba iliyotawaliwa na Kiswahili, kuhamia Kiingereza kulilitenga onyo na maneno mengine na kulipa uzito wa amri. Pili, wahariri, kupitia Jukwaa la Wahariri na wadau wengine wa habari, walikuwa wametangaza kutoandika habari za Mkuu huyo wa Mkoa. Kiongozi alikuwa amekataa kuulizwa. Wahariri wakakataa kusikiliza. Kususa ni zamu halali ya mazungumzo, lakini ni zamu ya mwisho. Baada yake hakuna swali wala jibu, na aliyebaki bila habari ni raia. Ni Nape huyohuyo ambaye, akiwa tena Waziri wa Habari, Februari 2022 alitangaza kuondolewa kwa vifungo vya magazeti ya Mawio, Mwanahalisi, Mseto na Tanzania Daima.

Mfano wa pili unahusu neno moja. Desemba 2018, katika mahojiano na idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa jijini New York, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, aliulizwa kwa nini ripoti zake hazifanyiwi kazi, akautaja udhaifu wa Bunge. Spika Job Ndugai alimwita mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, na Aprili 2, 2019 Bunge liliazimia kutofanya naye kazi. Profesa Assad alieleza kwamba neno hilo ni la kawaida katika lugha ya ukaguzi. Kweli, wakaguzi huandika udhaifu wa udhibiti wa ndani bila mtu kuona ametukanwa. Lakini neno lilikuwa na historia nyingine bungeni: Juni 2012 John Mnyika alitolewa ukumbini kwa kuzungumzia udhaifu wa Rais, na aliyekuwa kitini ni Ndugai huyohuyo, wakati huo akiwa Naibu Spika.

Kihusishi -a katika udhaifu wa Bunge kina maana mbili. Kinaweza kumaanisha kasoro iliyomo katika utendaji wa taasisi, na kinaweza kumaanisha sifa ya wenye taasisi. Msajili wa ukaguzi husoma maana ya kwanza. Uso wa mwanasiasa husikia ya pili. Mwandishi makini angemwuliza pale pale: udhaifu katika jambo gani? Jibu lingelifunga neno kwenye utendaji, na taifa lingejadili ripoti badala ya heshima.

6.0 Swali la Nyongeza

Hoja zote zinakutana hapa. Bungeni, anayeuliza swali la msingi huruhusiwa kuuliza maswali ya nyongeza, na wabunge huitumia haki hiyo kila siku ya kikao. Mkutano na waandishi hauna desturi hiyo. Afisa habari husema "mmoja swali moja", au "tukusanye maswali matatu kwanza". Ukusanyaji unaonekana kuwa njia ya kuokoa muda, lakini unavunja jozi. Kiongozi aliyepewa maswali matatu kwa mpigo hulichagua jepesi, huligusa la pili, na la tatu hulisahau bila kuonekana amelikwepa, kwa sababu zamu ya aliyeliuliza ilikwisha kitambo.

Bila swali la nyongeza, jibu la (4) halina wa kulipinga. Nalo halihitaji ujasiri mkubwa wala sauti kali ili lipingwe. Linahitaji sikio la kisarufi:

(8) Samahani, Mheshimiwa. Yamechelewa, au yamecheleweshwa?

Swali hili lina adabu kamili. Halina tuhuma mpya, halina chanzo cha kutajwa, na maneno yake yametoka ndani ya mkutano wenyewe. Linamrudishia kiongozi silabi aliyoidondosha. Akijibu "yamechelewa", amejifunga kusema kwamba hakuna aliyesababisha, na wakulima watalipima jibu hilo kama wapagazi walivyolipima la kirangozi. Akijibu "yamecheleweshwa", nafasi ya "na nani" imefunguka, na safari hii anayetakiwa kuijaza ni yeye.

Waandishi wenyewe wanaweza kuilinda nafasi hii kwa makubaliano yasiyohitaji sheria: swali la mwenzao lisipojibiwa, anayefuata aliendeleze kabla ya kuuliza la kwake. Klabu za waandishi za mikoa, ikiwemo ya Tabora, zina uwezo wa kuijenga desturi hiyo.

7.0 Hitimisho

Makala yamefafanua kwamba mivutano baina ya viongozi na waandishi haitokani na nia za watu peke yake. Inatokana pia na mkutano wenye msamiati wa njiani na sarufi ya hadhara. Sheria ni muhimu: Ibara ya 18 ya Katiba inatambua haki ya kutafuta na kupata habari, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, pamoja na marekebisho yake ya 2023, inaendelea kujadiliwa. Lakini sheria iliyo bora kuliko zote haiwezi kuliokoa swali lililoulizwa kwa "inasemaje".

Kwa hiyo mitaala ya Kiswahili katika vyuo vya uandishi wa habari isiishie kwenye ufasaha na tahajia. Ifundishe unyambulishaji wa vitenzi kama nyenzo ya kuuliza: nini hupotea -esh- inapodondoka, nini hufichwa -w- inapoingia, na kiima kipi hakitishiki. Utafiti zaidi unahitajika, hasa kwa kurekodi na kunukuu mikutano halisi ya mikoani, zikiwemo zamu ambazo hazijibiwi na kicheko kinachozifuata.

Msikilizaji wa Ng'ambo ambaye hakuwepo ukumbini, na ambaye fedha zake za tumbaku hazijafika, hana njia nyingine ya kumwuliza aliyeko mbele ya msafara. "Njema" ya kiongozi ataisikia bila msaada wa mwandishi. Anamtegemea mwandishi kwa "ila".